Kupima Uelewa wa Sayansi kwa Majaribio Mepesi: Mwongozo kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Kuna mwanafunzi wa Darasa la Tano aliyewahi kuniandikia kwenye daftari, bila kukosea hata neno, kwamba mvuke wa maji ukipoa hugeuka kuwa maji. Nilimwekea alama ya vema na kumpa maksi zote. Siku iliyofuata nilileta darasani chupa ya juisi ya ukwaju iliyokuwa imelala kwenye friji, nikaiweka mezani, na sote tukatazama matone yakijikusanya upande wa nje na kuteremka taratibu hadi kwenye mbao. Nilipomwuliza mwanafunzi yule maji hayo yametoka wapi, alijibu kwa uhakika: “Chupa inavuja, Mwalimu.” Wenzake wengi walikubaliana naye. Mmoja tu, aliyekaa dawati la nyuma, aliuliza kwa nini basi matone hayana rangi ya ukwaju.

Mtoto wa dawati la nyuma alikuwa anafikiri kisayansi, na mtihani wangu wa jana yake haukuwa na nafasi ya kumtambua. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuandaa upimaji utakaomtambua. Nimeuandika nikiwalenga walimu wa Darasa la Tatu hadi la Saba, hasa wenye madarasa makubwa na wasio na maabara, kwa kuwa vifaa vyote nitakavyovitaja hupatikana jikoni, dukani au kwa fundi redio. Mtihani wa taifa wa kumaliza elimu ya msingi una maswali mengi ya kuchagua herufi, na ni wajibu wetu kuwazoeza watoto namna ya kuyajibu. Lakini herufi sahihi haimwonyeshi mwalimu kilichomo kichwani mwa mtoto, na mwalimu asiyekijua hawezi kukirekebisha.

Hatua ya kwanza: Chagua wazo moja, kisha andika kosa unalolitarajia

Usianze na orodha ya mada zote za muhula. Chagua wazo moja tu, na kabla ya kutunga swali jiulize ni jibu gani lisilo sahihi ambalo mtoto mwenye akili timamu angeweza kuliamini kutokana na anayoyaona nyumbani. Watoto hawaji darasani wakiwa na vichwa vitupu. Wengi huamini kwamba vitu vizito huzama na vyepesi huelea, kwamba sumaku huvuta kila metali na kila kitu kinachong'aa, kwamba mbegu haiwezi kuota pasipo mwanga wa jua, na kwamba balbu huwaka kwa waya mmoja kwa sababu nyumbani wanaona waya mmoja tu ukiingia kwenye taa. Kila imani kati ya hizi ina mantiki yake, na ndiyo maana haiondoki kwa kuambiwa mara moja.

Swali zuri ni lile ambalo aliyekariri na aliyeelewa watalijibu tofauti. Tuchukue mfano wa uotaji wa mbegu. Ukiuliza, “Taja mambo matatu yanayohitajika ili mbegu iote,” kila aliyesoma daftari usiku ataandika maji, hewa na joto. Sasa uliza hivi: “Juma aliweka mbegu tano za maharage juu ya pamba yenye unyevu, akazifungia ndani ya kabati lenye giza kwa siku tano. Atakapofungua atakuta nini? Toa sababu.” Utashangaa ni wangapi kati ya wale waliotaja maji, hewa na joto watakaosema mbegu hazitaota kwa sababu ya giza. Mbegu zitaota, kwa kuwa mche mchanga hutumia chakula kilichohifadhiwa ndani ya mbegu. Mwanga huhitajika baadaye, majani yanapoanza kujitengenezea chakula. Swali la pili limegundua kosa ambalo la kwanza lililificha.

Hatua ya pili: Fanya jaribio mwenyewe kabla ya siku ya upimaji

Hatua hii hurukwa mara nyingi, nami niliwahi kuiruka. Nilikuwa nimepanga kuwapima wanafunzi kwa yai: kwenye maji ya kawaida lizame, kwenye maji ya chumvi lielee. Nilinunua yai njiani asubuhi, nikalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi mbele ya darasa zima, nalo likaelea. Lilikuwa limekaa siku nyingi. Ganda la yai lina vitundu vidogo sana ambavyo hupitisha maji polepole kuja nje, na nafasi yake ndani huchukuliwa na hewa. Kadiri siku zinavyopita mfuko wa hewa hukua, hata yai la zamani huweza kuelea kwenye maji matupu. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kuandika utabiri wao, na upimaji wa siku ile uliharibika wote. Tangu hapo hulijaribu yai usiku uliotangulia, na huandaa la akiba.

Ukifanya jaribio mwenyewe utajua pia vipimo. Kwa glasi ya kawaida ya mililita 250, yai bichi la karibuni huanza kuelea baada ya kukorogea vijiko viwili hadi vitatu vya chumvi vya mezani. Weka chumvi kidogo kidogo, na ukoroge hadi iyeyuke kabla ya kuongeza, la sivyo utamaliza pakiti nzima ikiwa imelala chini ya glasi.

Katika hatua hii hii, hakikisha kwamba maelezo unayoyangojea kutoka kwa mtoto ni ya kweli. Kuna jaribio moja maarufu ambalo nawaomba walimu wenzangu waache kulitumia kama lilivyozoeleka, nalo ni lile la mshumaa unaowaka juu ya sahani ya maji, ukafunikwa kwa glasi. Mshumaa huzimika na maji hupanda ndani ya glasi. Wanafunzi hufundishwa kwamba maji yamechukua nafasi ya oksijeni iliyokwisha, na wengine huambiwa wapime kwamba yamepanda moja ya tano ya glasi, kwa kuwa oksijeni ni takribani asilimia 21 ya hewa. Maelezo hayo si sahihi. Mwali huzimika kabla oksijeni yote haijaisha, na uchomaji wenyewe hutoa kabonidioksaidi na mvuke wa maji. Sababu kubwa ni joto: hewa iliyo karibu na mwali hutanuka, nyingine hutoka glasi inapofunikwa, na mwali ukizimika hewa iliyobaki hupoa na kusinyaa, kisha kanieneo ya hewa ya nje (yaani mgandamizo wake) huyasukuma maji yaingie. Tazama kwa makini na utaona kwamba maji hupanda kwa kasi baada ya mshumaa kuzimika. Weka mishumaa miwili badala ya mmoja chini ya glasi ile ile, na maji yatapanda zaidi, ingawa oksijeni iliyokuwamo ni ile ile. Mtoto atakayetoa hoja hiyo ya mishumaa miwili asinyimwe maksi kwa sababu tu mwongozo wa kusahihishia unasema vingine.

Hatua ya tatu: Wanafunzi watabiri kwa maandishi, ndipo watazame, ndipo waeleze

Huu ndio moyo wa upimaji wote, kwa hiyo usiuharakishe.

Onyesha vifaa bila kutenda lolote. Kwa jaribio la yai, weka mezani glasi mbili za maji yanayolingana, na mbele yao koroga chumvi kwenye moja. Wape dakika tatu waandike kwa kalamu ya wino mambo mawili: kitakachotokea katika kila glasi, na kwa nini wanafikiri hivyo. Wasitumie penseli, kwa sababu mtoto akiona matokeo hufuta utabiri wake haraka, nawe umepoteza ushahidi uliokuwa ukiutafuta. Vilevile usiulize kwa kunyoosha mikono. Anaponyoosha yule ambaye darasa zima linamjua kuwa ni hodari, mikono mingine arobaini humfuata, na hesabu utakayopata itakuwa ya umaarufu wake.

Waambie waziwazi kwamba utabiri usio sahihi haupunguzi maksi. Mwanzoni hawataamini. Itabidi urudishe madaftari mara mbili au tatu, mtoto aliyekosea utabiri lakini akatoa sababu nzuri akute amepewa maksi zake, ndipo darasa lianze kuandika kile kinachofikiriwa badala ya kile kinachodhaniwa kumpendeza mwalimu.

Baada ya hapo fanya jaribio, na utulie. Usiseme “mnaona jinsi yai linavyoelea,” kwa sababu ukisema hivyo umeandika sehemu ya jibu kwa niaba yao. Waache waandike walichoona. Hapa utagundua jambo lingine muhimu: wapo watoto wanaoandika walichokitarajia badala ya kilichotokea mbele ya macho yao. Mwanafunzi aliyetabiri kwamba yai litapasuka kwa chumvi anaweza kuandika kwamba aliona ufa. Mrudishe kwenye glasi aangalie tena, bila kumfokea.

Mwisho, wanafunzi wenyewe waeleze kwa nini, na ikiwa matokeo hayakulingana na utabiri, waseme wamebadilisha wazo gani. Sentensi inayoanza na “Nilifikiri... lakini sasa naona...” ina thamani kubwa kuliko ufafanuzi wowote ulionakiliwa ubaoni.

Hatua ya nne: Wape jaribio lenye kosa, wao walikosoe

Kuelewa majaribio ni pamoja na kujua kwamba ukitaka kupima jambo moja, hayo mengine yote huyaachi yabadilike. Njia bora niliyoipata ya kupima hili ni uzi na jiwe. Funga jiwe dogo kwenye uzi, lining'inie kutoka ukingoni mwa meza, livute kando kidogo na uliachie libembee. Uliza darasa: tukitumia jiwe zito zaidi, litabembea haraka zaidi au polepole zaidi? Karibu kila mtu atakuwa na jibu, na karibu kila mmoja atakosea, kwa kuwa uzito wa jiwe haubadilishi muda wa kubembea. Kinachoubadilisha ni urefu wa uzi. Uzi wa sentimita 100, ukipimwa hadi katikati ya jiwe, hukamilisha kwenda na kurudi mara 10 kwa sekunde 20 hivi. Uzi wa sentimita 25 hukamilisha mara 10 hizo kwa sekunde 10. Saa ya simu yako yatosha. Hesabuni mara kumi, msihesabu mara moja, kwa sababu kidole kikichelewa kubonyeza, kosa hilo linagawanyika kwa kumi.

Baada ya watoto kuushika uzi kwa mikono yao, wape swali hili kwenye karatasi: “Asha alifunga jiwe zito kwenye uzi mrefu, na jiwe jepesi kwenye uzi mfupi. Jiwe zito lilibembea polepole. Akaandika kwamba uzito ndio unaofanya jiwe libembee polepole. Je, jaribio la Asha linatosha kuthibitisha hayo? Wewe ungelifanyaje?” Anayejibu kwamba Asha amekosea kwa sababu kitabu kinasema urefu ndio unaohusika, amekumbuka. Anayejibu kwamba Asha alibadilisha vitu viwili kwa pamoja, kwa hiyo hawezi kujua ni kipi kilicholeta tofauti, ameelewa. Swali hili halihitaji kifaa chochote siku ya mtihani, jambo linalolifanya lifae sana kwa darasa la wanafunzi 80.

Mbegu nazo zinafaa kwa kazi hii. Andaa makopo manne yenye mbegu tano tano za maharage: moja lenye pamba kavu, moja lenye pamba yenye unyevu mahali penye mwanga, moja lenye pamba yenye unyevu gizani, na la mwisho mbegu zikiwa ndani ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, yakafunikwa juu kwa mafuta ya kula ili hewa isiingie. Kabla ya kuwaeleza chochote, waulize kwa nini maji yalichemshwa, kwa nini kuna mafuta, na kwa nini mbegu ni tano badala ya moja. Mtoto anayesema “mbegu moja inaweza kuwa mbovu” amefikiri kama mtafiti, hata kama hajui neno hilo.

Hatua ya tano: Mpime kila mmoja kwa kazi ya mikono, hata kama vifaa ni vichache

Sakiti ya umeme hufaa zaidi hapa. Mpe mtoto betri moja ya volti 1.5, balbu ndogo ya tochi ya zamani na kipande kimoja cha waya, umwambie aiwashe. Balbu hizo siku hizi zimeadimika kwa kuwa tochi nyingi hutumia taa za LED. Mafundi redio huwa nazo. Ukilazimika kutumia taa ya LED, tumia betri mbili zilizoungwa mfululizo, na ukumbuke kwamba huwaka kwa upande mmoja tu, hivyo mtoto anaweza kuunga vema na isiwake kwa sababu amegeuza miguu yake.

Kabla hajagusa kitu, achore atakavyounga. Michoro hiyo itakueleza mengi. Wengi watachora waya kutoka kichwa cha betri hadi kitako cha balbu, basi. Hawajaona bado kwamba umeme unahitaji njia ya kwenda na ya kurudi, wala kwamba balbu ina sehemu mbili za kuunga, yaani kitako chake na lile gamba la metali la ubavuni. Kwa waya mmoja, kitako cha balbu hugusa betri moja kwa moja, na waya huunga gamba na upande wa pili wa betri. Ukiwa na seti tano tu na watoto 80, waite watano watano mbele huku wengine wakijibu maswali ya maandishi. Kila anayekuja awe ameshachora kwenye karatasi yake, kwa sababu mbele ya meza mmoja akifaulu wengine humwiga papo hapo. Mchoro wa kabla ndio unaompima mtu binafsi.

Hapa sina budi kusisitiza usalama. Mwanafunzi asiunganishe ncha mbili za betri kwa waya mtupu, maana waya hupata moto na betri huisha. Waeleze kwa ukali wa mzazi kwamba wanachokifanya kwa betri wasikijaribu kamwe kwenye soketi ya nyumbani yenye volti 230. Na kama unapima uwepo wa wanga kwenye jani kwa iodini, mvuke wa spiriti inayotumika kuondoa ukijani wa jani hushika moto kwa urahisi: jani lichemshwe ndani ya kikombe cha spiriti kilichowekwa kwenye maji ya moto ambayo yamekwisha kuondolewa jikoni, na kazi hiyo uifanye wewe mwenyewe. Kuwapima watoto wenyewe, tumia kiazi, ugali, chumvi na kipande cha embe. Tone la iodini likigeuka rangi ya buluu iliyokoza karibu na nyeusi, pana wanga.

Hatua ya sita: Toa maksi kwa kufikiri, si kwa msamiati

Kwa jaribio moja mimi hutumia maksi 10: mbili kwa utabiri ulioambatana na sababu, tatu kwa namna mtoto alivyopanga au kutenda jaribio, mbili kwa kuandika alichokiona kwa uaminifu, na tatu kwa maelezo. Mgawanyo unaweza kuubadilisha, ila usiache maelezo yakapata chini ya maksi tatu kati ya kumi.

Ugumu huwa kwenye zile tatu za mwisho. Nikirudi kwenye yai, haya ni majibu ya aina ninazokutana nazo. “Yai lilielea kwa sababu ya chumvi” ni maksi moja, kwa kuwa limetaja kilichobadilishwa bila kueleza. “Chumvi ilifanya maji yawe mazito yakalibeba yai” ni maksi mbili na nusu, pengine tatu kwa mtoto wa Darasa la Nne. “Densiti ya maji iliongezeka” (densiti ni uzito wa kitu kwa ujazo wake) ni jibu linalonitia mashaka. Humwita mtoto na kumwomba aniambie maana yake kwa maneno mengine, na akishindwa hupata moja. Wapo watakaoniona mkali. Lakini neno la kitaalamu lisiloweza kufafanuliwa ni sawa na mbegu bandia, halioti.

Kwa watoto wa Darasa la Tatu ambao bado wanahangaika na kuandika, sikiliza kwa mdomo. Mtoto anayeandika “yai likaerea” ameeleza alichoona, na kosa la tahajia lishughulikiwe kwenye kipindi cha Kiswahili. Katika maeneo ambayo watoto huanza shule wakizungumza lugha ya nyumbani zaidi, mruhusu mtoto aonyeshe kwa vitendo, au mwenzake amsaidie kupata neno, kisha umwulize yeye mwenyewe swali la nyongeza.

Hatua ya saba: Rudi baada ya wiki mbili ukiwa na kitu kingine

Uelewa wa siku ya jaribio unaweza kuwa ni kumbukumbu ya jana tu. Baada ya wiki mbili pima wazo lile lile kwa kitu ambacho hawajawahi kukiona darasani. Kwa kuelea na kuzama mimi hutumia chungwa. Nunua lisilomenywa kabisa, si yale ambayo wauzaji wameshayachonga ganda la kijani, na ulitumbukize kwenye ndoo ya maji likiwa na ganda lake: litaelea. Litoe, limenye mbele yao hadi uondoe na ule utando mweupe, uwape walishike wahisi kwamba limepungua uzito. Kisha waandike utabiri.

Mtoto ambaye bado anaamini kwamba chepesi huelea ataandika kwa kujiamini kwamba sasa litaelea zaidi. Chungwa lililomenywa huzama, kwa sababu ganda na utando wake vina hewa nyingi katikati yake, na hewa hiyo ndiyo iliyokuwa ikilibeba. Usiwaambie. Wape ganda lenyewe walitumbukize peke yake, walikamue chini ya maji, watazame viputo vikipanda, kisha uwape dakika kumi na karatasi nyeupe.